Jeni za Uyoga na Sumu Isiyoonekana kwa Macho
Kwa muda mrefu uyoga uliainishwa kwa kutazama kofia, shina na rangi ya vijimbegu vyake. Usomaji wa DNA umedhihirisha kuwa umbo la nje hupotosha. Amanita phalloides, Galerina marginata na baadhi ya Lepiota ni wa familia tofauti, lakini wote hubeba jeni za aina moja zinazotengeneza amanitini, sumu iharibuyo ini. Yaelekea jeni hizo zilihama kutoka ukoo hadi ukoo.

Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Kutapika na kuhara huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya mlo, hutulia, kisha ini huharibika. Basi mgonjwa aliyepata nafuu asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla ini lake halijapimwa tena, na mabaki ya uyoga yaletwe hospitalini.