Sonona Itibiwe Vituoni

Mgonjwa anapofika katika kituo cha afya cha karibu na kwao, awe wa Unguja au wa Pemba, ni nadra kusema kuwa ana sonona. Husema kichwa chamgonga, mwili umemchoka, moyo wamwenda mbio na usingizi umempaa. Hupimwa malaria, isipoonekana, hupewa dawa ya maumivu akarejea kwake. Baada ya wiki mbili huja tena na malalamiko yale yale.

Yafaa ieleweke kwamba sonona ni maradhi kama maradhi mengine. Si uvivu, si kujidekeza, wala si upungufu wa imani. Huweza kumpata mvuvi, mwalimu, mkulima wa karafuu na mama aliyejifungua karibuni. Dua na maliwazo ya jamaa humpa mgonjwa faraja, wala hapana anayeyakataza. Lakini hayo hayamzuii kwenda kutibiwa.

Kuyatambua maradhi haya hakuhitaji mashine. Mhudumu wa afya aanze na masuala mawili: Je, katika wiki mbili zilizopita umekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Je, mambo uliyokuwa ukiyapenda yamekuwa hayakupendezi tena? Jibu likiwa ndiyo, aendelee kuuliza juu ya usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kushindwa kutuliza fikra, na kujiona mtu hana thamani. Aulize pia, kwa upole na faraghani, iwapo mgonjwa amefikiria kujiua. Wako wanaochelea kwamba suala hilo litamtia mtu wazo hilo. Khofu hiyo haina msingi. Mara nyingi kuulizwa humpunguzia mgonjwa mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Kadhalika, mhudumu achunguze upungufu wa damu na maradhi ya tezi la shingo, kwani nayo huleta uchovu unaofanana na wa sonona.

Tiba ipo. Sonona iliyo nyepesi huweza kutulizwa kwa mazungumzo ya mpango, ambamo mgonjwa husaidiwa kuyachambua matatizo yake moja baada ya moja. Iliyo nzito huhitaji dawa, kama vile fluoksetini au amitriptilini. Dawa hizi hazifanyi kazi kwa siku moja. Huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na huendelezwa kwa miezi hata baada ya mgonjwa kupata nafuu. Asiyeelezwa hayo huziacha siku ya tano akasema hazifai. Vidonge vya kumlaza mtu usingizi, kama diazepamu, haviponyi sonona, na vikizoeleka huwa balaa nyingine.

Wapo watakaosema kwamba nchi zetu hazina madaktari wa akili wa kutosha. Ni kweli, lakini Zimbabwe imetuonyesha njia. Mwaka 2006, mjini Harare, Daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, waliofunzwa kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za mji huo, ukatangazwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Sote twaijua hospitali ya Kidongo Chekundu na kazi yake. Lakini jina lake peke yake huwatia wengi khofu ya kuchekwa, wakanyamaza hadi hali ikaharibika. Hiyo ndiyo sababu tiba hii yapasa kuanzia kwenye vituo vya chini, kama lilivyokusudia Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 kuhusu afya ya msingi. Kwa hiyo twawaomba wakuu wa afya mambo matatu: wahudumu wa vituo wafunzwe na wakaguliwe mara kwa mara, dawa za sonona zisikatike vituoni, kwa kuwa kuzikatiza ghafla humdhuru mgonjwa, na kila kituo kiwe na pahala pa faragha pa kuzungumzia, japo chumba kimoja.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Tumwonapo jirani amejitenga, hali wala halali, tusimseme, tumfuatane kituoni. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.