Masta Kilimani, Geto Makole

Ukija kupiga masta hakuna mtu anakupokea. Dogo wa mwaka wa kwanza akishuka kwenye basi anakuta wenzake wa serikali ya wanafunzi wanamsubiri, begi linabebwa, hosteli anaonyeshwa, anapigwa semina mpaka anajua maktaba ina milango mingapi. Wewe mtu mzima unatumiwa kontrolo namba. Lipa, peleka vyeti orijino, pindi Jumatatu. Imeisha hiyo.

Kwa hiyo geto unajitafutia. Mimi nilizama Makole.

UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, iko kilimani, Chimwaga, tangu 2007. Walioichora walipiga hesabu ya wanafunzi 40,000, kwa hiyo usitegemee kachuo ka kuzunguka kwa mguu. Kutoka koleji ya Social mpaka ile ya CIVE ukikanyaga kwenye jua la Novemba unafika umeiva. Humo humo kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, na bado pori limebaki. Kule juu ni freshi kama una miaka 20 na bumu limeingia. Ukiwa na 28, bumu huna, na jioni una mishe zako za kuungaunga ada, utataka kukaa mjini kwenye watu.

Na Makole ni kwenye watu kweli. Nyumba za chini za kitambo, miarobaini kwenye nyua, kituo cha afya palepale mtaani, na uwanja wa ndege uko jirani kiasi kwamba ndege ikishuka stori inasimama kidogo halafu inaendelea. Nauli ikikata unajikokota mpaka Nyerere Square bila kulia. Wenye magari wao wanajazana Kisasa na Ilazo huko, waache na mageti yao.

Ila kabla ya geto kuna dalali. Huyu mtu anakula hela ya kukuonyesha, anakula na kodi ya mwezi mmoja ukikubali, na mwenye nyumba naye anataka miezi sita mkononi. Ukimlilia vizuri anashuka mpaka mitatu. Chumba masta kwa mtu wa masta ni ndoto, tulia kwenye chumba kimoja na choo cha nje. Usiulize kuhusu rangi ya ukuta. Uliza LUKU mnashea wangapi na nani ana friji, maji yanatoka siku gani, geti linafungwa saa ngapi. Hayo matatu ndiyo yanaleta ugomvi kwenye nyumba ya kupanga, mengine yote yanazungumzika.

Halafu maji yenyewe. Dodoma inakunywa visima, vile vya Mzakwe ndivyo maarufu, na yana kachumvi fulani. Sabuni unasugua povu halitaki, chai ya kwanza unahisi kuna mtu kakuroga. Upepo nao unapuliza vumbi, midomo inapasuka, na hapo ndipo utawaona masela wagumu kabisa wanatembea na kikopo cha mafuta ya mgando mfukoni bila aibu. Nunua chako mapema.

Sasa kitu kinachoifanya Dom iwe rahisi kuingia kuliko Dar: huku karibu kila mtu ni wa kuja. Mji ulitangazwa makao makuu 1973, ukakaa miaka na miaka unasubiri, mpaka 2016 Magufuli aliposema sasa tunahama kweli. Hadhi ya jiji ikaja Aprili 2018. Ndiyo maana kwenye nyumba moja ya kupanga unakuta nesi wa Bukoba, dereva wa wizara wa Tanga, fundi simu wa Mbeya, na hakuna anayekuuliza umefuata nini. Kila mtu kuna kitu kafuata. Dar ukihamia mtaa mpya unachunguzwa mwezi mzima. Makole unaombwa chaja usiku wa kwanza.

Tatizo ni Ijumaa. Wafanyakazi wengi familia zao bado ziko Dar, na tangu treni ya SGR ianze kufika hapa 2024 ndiyo wamepata kisingizio kabisa. Saa chache tu mtu yuko kwa mke wake. Jioni ya Ijumaa unaona mabegi yanatoka nyumba kwa nyumba, na uani mnabaki wewe, mama mwenye nyumba na kuku. Kama hujajenga ushkaji katikati ya wiki, wikiendi itakunyoosha.

Mama mwenye nyumba wangu ni Mgogo, na kwake huyu usilete "mambo vipi" asubuhi. Unampa shikamoo, na ukitaka akufungulie moyo unaongeza "mbukwenyi". Anacheka matamshi yako mpaka anashika mlango, halafu mchana unasikia unaitwa jikoni. Ugali wa uwele na mlenda. Mtoto wa Dar akiuona mlenda kwa mara ya kwanza anaangalia pembeni, lakini kata tonge, zungusha mkono, meza. Baada ya siku mbili tatu unaulizia mwenyewe. Kwa bajeti ya mwanafunzi, chipsi zege kila siku ni njia ya kufilisika ukiwa umeshiba.

Darasani ndiko kuna sinema. Digrii ulizoea wenzako wa rika moja, mnakopiana, mnasinzia pamoja. Masta unakaa na mwalimu wa sekondari mwenye watoto watatu, mchungaji mmoja, dada wa benki anayekuja na sare ya kazi, na mzee afisa wa halmashauri ambaye binti yake anasoma digrii kilimani hapohapo. Huyu mzee unamwitaje? Shikamoo lazima, hilo halina mjadala, hatujalelewa porini. Lakini saa nne mnapangwa kundi moja la kazi, yeye kapewa kurasa zake, siku ya kukusanya hajaandika hata mstari. Mtu uliyempa shikamoo asubuhi unamkabaje mchana?

Siku ya pili mwenyewe aliliona hilo, akasimama, akasema humu ndani tuitane kaka na dada, vyeo na umri tuache kwenye daladala. Tukapiga makofi. Kesho yake kila mtu akampa shikamoo kama kawaida. Wadada wakabaki na "baba", sisi washkaji tukaangukia "mkubwa", ambayo ni heshima lakini ina kanafasi ka kudai. "Mkubwa, kurasa zako tu ndizo tunazisubiri." Hapo hujamvunjia mtu adabu na kazi inasogea.

Na sikia, hawa wazee usiwachukulie poa. Kwenye pindi la risechi mhadhiri aliuliza sampuli inachaguliwaje, sisi vijana tukatema nadharia za kwenye vitabu. Mzee akaeleza alivyokuwa anazunguka vijijini Bahi kuhesabu kaya, wenyeji wanamkimbia wakidhani kaja na mambo ya kodi. Darasa zima kimya. Ila mwambie mzee huyohuyo aweke marejeo kwenye kompyuta, anatoka jasho.

Ndiyo biashara ikazaliwa. Jumamosi Msalato kuna mnada, na nyama choma ya mbuzi pale watu wanaifuata kutoka mjini makundi kwa makundi. Mzee akatuzoa watu wanne kwenye gari lake, akaagiza mguu mzima, pilipili pembeni, ndizi za kuchoma. Nikafungua laptopu juu ya meza ya mbao, nikamwonyesha Zotero inavyopanga marejeo yenyewe. Akakodoa macho, akafuta mafuta vidoleni, akaishika ile mausi kwa adabu zote.

"Kijana, hii kitu ingekuwepo kipindi nasoma diploma, ningelala."

"Lete mbuzi mwingine mkubwa, wiki ijayo nakuingiza kwenye SPSS."

Akakubali. Mchungaji naye akauliza kama anaweza kujiunga kwa kuku.