Kuiuliza Mashine: Somo la Muhogo wa Amani

Huko Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Baadaye, chini ya utawala wa Waingereza, mtaalamu H. H. Storey alichunguza hapo magonjwa ya muhogo, na mwaka 1936 aliandika juu ya ugonjwa ambao leo huitwa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huo ni wa hila. Mmea waweza kuonekana umesimama vizuri, kumbe ardhini muhogo umekwisha kuoza na hauliki.

Hila hiyo ndiyo inayoufanya muhogo uwe mfano mwema wa kuwafundishia wanafunzi wa sekondari matumizi ya akili mnemba, hasa zile programu zinazojibu maswali kwa maandishi, ambazo zilienea duniani baada ya ChatGPT kutolewa Novemba 2022. Programu ya namna hiyo hufunzwa kwa maandishi mengi mno, ikajifunza kukisia ni neno gani lafaa kulifuata jingine. Haijapata kufika shambani. Haiujui muhogo unaoulizwa ila kwa yale aliyoyaeleza muulizaji.

Namna ya kuuliza

Mwanafunzi akiandika, “Muhogo wetu unaumwa, tufanye nini?” atapata maelezo ya jumla yanayoweza kupewa mtu yeyote, popote. Lakini aweza kuandika hivi: “Shamba liko Muheza, mkoani Tanga. Muhogo una miezi minane. Majani ya chini yaliyokomaa yana manjano kandokando ya mishipa; majani machanga hayakujikunja. Muhogo mmoja tulioukata una madoa ya kahawia ndani. Taja magonjwa yanayowezekana, dalili inayotofautisha kila ugonjwa na mwingine, na jambo ambalo bado hatujalichunguza.”

Sasa mashine ina cha kupima. Ugonjwa wa batobato huyakunja majani machanga na kuyatia mabaka. Michirizi ya kahawia huonekana zaidi katika majani yaliyokomaa. Lakini faida kubwa kuliko zote ni kwamba swali la pili haliwezi kuandikwa na mtu aliyeketi nyumbani. Mwandishi wake amekwenda shambani, ametazama, na ameukata muhogo. Mwalimu mwenye kompyuta moja tu aweza kuyaandika maswali yote mawili ubaoni, akayasoma majibu yake kwa sauti, na darasa likayalinganisha.

Jibu lipimwe

Hata hivyo, swali zuri halizuii jibu baya. Kwa miaka mingi wataalamu waliandika kwamba michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa nyanda za chini, usiosumbua penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Kuanzia mwaka 2004 ulionekana nchini Uganda katika mashamba yaliyo juu kuliko hapo. Mashine iliyolishwa maandishi ya zamani yaweza kuyarudia maneno yale kwa ufasaha mkubwa, na mkulima wa mlimani akadhani amesalimika.

Zipo pia programu zinazotambua ugonjwa kwa picha za majani. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2017, mfumo uliofunzwa kwa picha za mashamba ya karibu na Bagamoyo ulitambua sawasawa picha 93 katika kila 100 ambazo haukuwa umeziona kabla. Hayo ni mafanikio ya kusifiwa. Lakini zilibaki picha saba.

Dhamana ni ya nani?

Hizo saba ndizo zinazoleta suala la maadili. Muhogo hupandwa kwa pingili, na virusi husafiri ndani ya pingili kutoka shamba hadi shamba. Familia ikiambiwa kwa makosa kwamba mmea ni mzima, kisha ikamgawia jirani mbegu, njaa yaweza kuingia nyumba mbili. Mashine haitalala na njaa. Kwa hiyo mwenye kulitumia jibu ndiye mwenye dhamana nalo, na hana budi kumwambia jirani kwamba limetoka kwa mashine, na kama bwana shamba amelithibitisha au la.

Vilevile, mwanafunzi afundishwe kwamba kueleza maradhi ya muhogo hakuhitaji kutaja jina wala namba ya simu ya mwenye shamba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023.

Watafiti wa Amani walipochanganya muhogo na jamaa zake wa porini ili kupata aina zinazovumilia magonjwa, hawakuwa na njia ya mkato: mimea ilipandwa, ikangojewa, ikang’olewa. Darasa nalo lifanye hivyo. Kila jibu la mashine liandikwe upande mmoja wa daftari. Kisha jembe lichukuliwe, muhogo ung’olewe na kukatwa, na kilichoonekana kiandikwe upande wa pili.