MZEE ANAPOSAHAU: NI UZEE AU NI HUZUNI?

Wazee wengi waliopokelewa Nkamira, karibu na Gisenyi, tangu mwisho wa mwaka 2022 waliacha mashamba na ng'ombe wao Masisi na Rutshuru. Mzee akinyamaza siku nyingi, akikataa chakula, asipolala na akisahau majina, tusiseme «ni uzee tu» wala «amerogwa».

Huenda ana ugonjwa wa huzuni. Ugonjwa huu hupunguza kumbukumbu, lakini hutibika, na kumbukumbu yaweza kurudi.

Kuna pia magonjwa ya ubongo, kama Alzheimer, yanayoharibu kumbukumbu polepole na hayaponi. Mara nyingine dalili yake ya kwanza ni huzuni. Tena, huzuni isiyotibiwa huongeza hatari ya kuyapata: mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet waliihesabu kati ya mambo 14 ya hatari yanayoweza kupunguzwa.

Kwa hiyo:

1. Mpelekeni mzee kituo cha afya mapema. Apimwe pia shinikizo la damu, sukari na masikio.
2. Msimwache peke yake. Mpeni kazi ndogo, mzungumze naye.
3. Msimfunge, msimpige, msimcheke.

Akisema anataka kufa, mpelekeni siku hiyo hiyo.