Bidoni lenye uso wa mutu

Ni nyumba gani kwetu inakosa bidoni? Mama anachotea maji, baba anatilia mafuta, mutoto analikalia sawa kiti. Siku linapasuka, tunalitupa nyuma ya nyumba, maneno yamekwisha. Lakini kule Benin, inchi ya Afrika ya Magharibi, kuko fundi mumoja aliyeokota mabidoni ya namna ile na kuyageuza nyuso za watu. Jina lake ni Romuald Hazoumè. Alizaliwa katika muji wa Porto-Novo, mwaka wa 1962.

Chukueni bidoni, muliangalie vizuri. Pale pa kumiminia pako sawa kinywa kilicho wazi. Mukono wa kushikia ni pua. Hazoumè anakata upande mumoja, anaongeza vitu vingine vilivyotupwa, na tazama, uso wa mutu! Mwenye kuuona anacheka kwanza.

Lakini ndani ya kicheko kile kuko maneno. Kwa miaka mingi, vijana wa Benin walivusha esansi ya bei ndogo toka Nigeria. Walipanga mabidoni mengi juu ya pikipiki moja, hata pikipiki yenyewe haikuonekana tena. Hazoumè aliwapiga picha. Tena, ili bidoni libebe zaidi, walilipasha moto, plastiki ikavimba. Lilijazwa na kujazwa hata likapasuka, kisha likatupwa. Hazoumè akaona kwamba si bidoni peke yake lililotendewa vile. Watu pia walitendewa.

Juu ya ile alifanya kazi kubwa, toka mwaka wa 1997 hata 2005. Aliiita «La Bouche du Roi», ni kusema Kinywa cha Mfalme. Ni jina la mahali fulani pa pwani ya Benin, ambapo watumwa walipakiwa katika mashua kubwa. Alilaza chini mabidoni 304, yakafanya umbo la mashua. Alifuata picha ya zamani ya Waingereza iliyoonyesha namna watumwa walivyobanwa ndani ya mashua Brookes, mutu ubavuni mwa mutu. Kila bidoni ni uso mumoja. Mule kuko mutawala Muzungu, na kuko mufalme Mwafrika vilevile. Hazoumè hakuficha kwamba ndugu aliuzwa na ndugu. Mwaka wa 2007, British Museum ya London ilionyesha kazi hii, wakati Uingereza ilikumbuka miaka 200 tangu sheria yake ya kukataza biashara ya watumwa.

Mwaka ule ule, katika muji wa Kassel, Ujerumani, alionyesha mashua nyingine ya mabidoni, mbele ya picha kubwa. Ile ilisema juu ya wale wanaovuka bahari kutafuta maisha. Alipewa zawadi ya Arnold Bode.

Vijana, munaona: fundi huyu hakungojea vyombo vya bei kali. Alianza na kile kilichokuwa njiani. Na sisi wazazi, tujiulize neno moja. Yule mutoto wa ndugu tunayemulea, anayechota maji toka asubuhi hata usiku, anayekula wa mwisho: tunapomutuma tena, tunaona uso wake, ao tunaona bidoni tu?