Miguu inayowaka moto usiku: chakula kinamsaidiaje mwenye kisukari?

Kila tunapozungumzia kisukari hewani, maswali mengi yanayotufikia hayahusu sukari yenyewe. Yanahusu miguu. Kuna anayesema nyayo zinawaka usiku kama amekanyaga makaa, hata shuka likigusa vidole anashtuka. Mwingine anahisi kama sindano zinamchoma, na mwingine hahisi kitu kabisa, anatembea peku lakini ni kama amevaa soksi nene. Halafu linafuata swali: nile nini ili haya yaishe?

Hakuna chakula kinachoondoa maumivu haya kwa usiku mmoja, na anayekuuzia unga wa kufanya hivyo anakuuzia maneno. Hata hivyo, chakula kina kazi kubwa katika jambo hili, na sehemu moja ya kazi hiyo wengi hawajaisikia kabisa. Tutaifikia.

Kwa nini miguu, na si kichwa?

Mishipa ya fahamu ndiyo inayopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, inaiharibu mishipa hiyo, na pia inaharibu mishipa midogo sana ya damu inayoilisha. Mishipa mirefu kuliko yote ni ile inayotoka mgongoni hadi kwenye vidole vya miguu, ndiyo maana shida huanzia huko chini, miguu yote miwili, na kupanda taratibu. Ikifika karibu na magoti, vidole vya mikono navyo huanza kufa ganzi. Mshipa ulioharibika hutuma habari za uongo: unaubwia ubongo kwamba kuna moto wakati hakuna, au unanyamaza wakati mwiba umeingia kweli.

Je, kushusha sukari kunasaidia? Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 1993, ulifuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachohitaji insulini tangu mwanzo. Waliodhibiti sukari kwa ukaribu walipunguza hatari ya kuharibika mishipa ya fahamu kwa takriban asilimia 60. Kwa kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wengi, faida hiyo imeonekana kuwa ndogo zaidi, kwa sababu uzito, mafuta kwenye damu, presha na sigara navyo vina mkono wake. Kwa hiyo chakula tunachokizungumzia hapa si cha kupunguza sukari peke yake.

Na tuseme ukweli mapema: mshipa uliokwisha kufa haurudi kirahisi. Lengo ni kuzuia usambazaji wa madhara, na kwa walioanza karibuni, kuupa mwili nafasi ya kujirekebisha kidogo.

Ugali kwenye sinia

Ushauri wanaotoa wataalamu wengi wa lishe ni rahisi kuukumbuka. Gawa sahani yako: nusu iwe mboga, robo iwe ugali, wali, ndizi, viazi au mihogo, na robo iliyobaki iwe maharage, kunde, choroko, samaki, mayai au nyama. Mboga hapa ni mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, bamia, nyanya chungu, kabichi. Viazi si mboga kwa hesabu hii, hata vikipikwa pamoja na mchuzi.

Ugumu ni kwamba wengi wetu hatuli kwenye sahani ya peke yetu. Tunakula sinia moja, mikono mitano au sita, na ugali uko katikati kama mlima. Hapo nani atapima robo? Njia nyepesi ni kumega fungu lako mapema, lisizidi ngumi yako iliyokunjwa, kuliweka pembeni, na kuanza na mboga na maharage kabla ya kuligusa. Kuanza na mboga husaidia sukari isipande kwa kasi baada ya mlo. Si dharau kwa wenzako. Waeleze nyumbani sababu, maana anayejinyima bila kueleza hushawishiwa aongeze tonge kila siku.

Kuhusu dona, kuna imani imeenea kwamba haina sukari na unaweza kuila utakavyo. Sivyo. Dona ni bora kuliko sembe: ina nyuzinyuzi zaidi, ina vitamini B1 ambayo mishipa ya fahamu inaihitaji, na inashibisha kwa muda mrefu. Lakini wanga wake ni mwingi vilevile. Bonge kubwa la dona litapandisha sukari kuliko kipande kidogo cha sembe chenye mboga tele. Ni hivyo hivyo kwa uji wa ulezi na uji wa lishe ambao mtu hupewa akiambiwa ni dawa ya kisukari. Nafaka iliyosagwa laini na kupikwa hadi ikawa nyepesi husagika haraka tumboni. Kikombe kimoja bila sukari, pamoja na yai au karanga kidogo, hakina ubaya. Bakuli zima lililokorogwa na asali ni jambo jingine. Asali ni sukari, hata ikitoka kwenye mzinga wako mwenyewe.

Vinywaji ndipo pa kupata faida haraka kuliko kwingine. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai, na juisi ya miwa ni sukari iliyokamuliwa. Ukiacha hivyo viwili na kunywa chai isiyo na sukari, umepunguza mzigo mkubwa bila kununua chochote. Matunda yasiwatishe: kipande cha papai au embe dogo moja baada ya mlo ni sawa kwa wengi, ila msimu wa maembe si ruhusa ya kula ndoo.

Tahadhari kwa mnaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi: msipunguze chakula ghafla wala kuruka mlo bila kuzungumza na kliniki, kwa sababu dawa itaendelea kushusha sukari hata kama hujala. Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali na kuchanganyikiwa ni dalili kwamba sukari imeshuka mno. Hapo, na hapo tu, soda au maji yenye sukari ni dawa, na usisubiri. Wenye ugonjwa wa figo pia wasijiongezee maharage, ndizi au mboga za majani nyingi kabla ya kuuliza.

Kidonge na vitamini B12

Sasa lile ambalo wengi hawajalisikia. Wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili wanatumia metfomini. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu na ya miaka mingi, na hatusemi mtu aiache. Lakini inapunguza uwezo wa mwili kunyonya vitamini B12 kutoka kwenye chakula. Vitamini hiyo ndiyo inayosaidia kutunza ganda la mishipa ya fahamu. Ikipungua, mtu hupata ganzi, kuchomachoma miguuni na kuyumba anapotembea, dalili zilezile ambazo tungesema ni za kisukari.

Ini huhifadhi akiba ya B12 ya kutosha miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu hauji mwezi wa kwanza. Huja baada ya miaka ya kumeza vidonge, hasa kwa dozi kubwa na kwa watu wenye umri mkubwa. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwataka wahudumu kupima B12 kwa mgonjwa anayetumia metfomini akionyesha dalili za upungufu. Huku vijijini kipimo hicho hakipatikani kila kituo, lakini swali linaweza kuulizwa kila kituo: nimemeza metfomini miaka mingi na miguu inakufa ganzi, je, B12 yangu iko sawa? Upungufu ukigunduliwa mapema hutibiwa kwa sindano au vidonge, na dalili huweza kupungua. Ukichelewa sana, madhara hubaki.

B12 haipatikani kwenye mchicha, mlonge wala maharage. Iko kwenye vyakula vinavyotokana na wanyama: maini, samaki, nyama, mayai, maziwa. Mtu mzima anahitaji kiasi kidogo sana kwa siku, mikrogramu 2.4, na hapa mwenye kipato cha chini ana rafiki wa kweli, dagaa. Mkono mmoja wa dagaa kwenye mboga mara kadhaa kwa wiki unafanya kazi ambayo watu hudhani ni ya nyama ya mnadani. Kama wamekaushwa kwa chumvi, waloweke na kuwaosha vizuri kwanza, kwa ajili ya presha.

Je, kula mboga na nafaka tu kunasaidia? Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo la Marekani kwa watu 35 wenye kisukari cha aina ya pili na maumivu ya mishipa ya fahamu. Kwa wiki 20, kundi moja lilikula vyakula vya mimea vyenye mafuta kidogo, na makundi yote mawili yalipewa B12. Waliobadili chakula walipungua uzito na maumivu yao yakapungua zaidi. Watu 35 ni wachache mno kujenga sheria juu yao, lakini tunaona jambo la kujifunza: maharage na mboga za kwetu si chakula cha kujionea huruma. Ila anayeacha nyama, samaki, mayai na maziwa vyote lazima apate B12 kwa njia nyingine.

Si kila ganzi ni kisukari

Pombe inaharibu mishipa ya fahamu yenyewe, na anayekunywa sana huku akila kidogo hukosa vitamini B1. Gongo na pombe za kienyeji hazina msamaha. Anayetumia dawa za TB zenye isoniazidi naye anaweza kupata ganzi kwa sababu ya upungufu wa vitamini B6, ndiyo maana hupewa kidonge cha B6 pamoja nazo. TB na kisukari hukutana mara nyingi kwa mtu mmoja, kwa hiyo asikiache. Ukoma na virusi vya UKIMWI navyo huleta ganzi. Mweleze mhudumu dawa zote unazotumia, na za miti shamba pia.

Wapo wanaoanza kufuata masharti vizuri, sukari inashuka kwa kasi ndani ya wiki chache, na maumivu yanazidi badala ya kupungua. Hukata tamaa na kuacha dawa. Hali hii inajulikana na madaktari, hutokea sukari iliyokaa juu sana kwa muda mrefu inaposhuka ghafla, na kwa kawaida hupungua baada ya miezi. Rudi kliniki, usirudi kwenye soda. Huko unaweza kupewa dawa ya maumivu kama amitriptilini. Ukisoma au kuambiwa kwamba ni dawa ya sonona usishtuke, hutumika pia kutuliza mishipa ya fahamu.

Wakati chakula kinafanya kazi yake polepole, miguu isiyohisi inaumia haraka. Usiikande kwa maji ya moto wala kuikaribisha kwenye jiko la mkaa ili kuondoa ganzi, utaungua bila kujua. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Vaa viatu vilivyofunikwa ukienda shamba, vikung'ute kabla ya kuvaa, na kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole. Kama macho hayaoni vizuri, mjukuu aangalie. Kidonda chochote, hata kisichouma, ni cha kupelekwa kituo cha afya kesho asubuhi, si wiki ijayo.