Distribyuta za platini za Mazda: soko dogo, kazi ya mkono

Mazda ilitengeneza RX-7 811,634 hadi ilipoacha mwaka 2002. Kati ya hizo, 471,018 ni za kizazi cha kwanza, kilichoanza 1978, na hata ndani ya kizazi hicho si kila gari lina platini, yaani mguso wa distribyuta unaofunguka ili cheche itoke. Katika soko la Marekani, lililokuwa kubwa kuliko yote kwa gari hilo, ni modeli ya 1979 pekee iliyokuja na distribyuta ya platini. Ya 1980 ikaja na uwashaji wa kielektroniki. Ongeza RX-2, RX-3, RX-4 na pikapu za miaka ya 1970, zote za injini ya rotari kama RX-7, ambazo kutu na ajali hazijazimaliza, nawe umeliona karibu soko zima la mafundi wanaofufua distribyuta hizi.

Ni soko dogo, lakini halijafa. Racing Beat, kampuni ya California iliyojenga jina kwa vipuri vya rotari, ilianzishwa mwaka 1971, na tangu wakati huo karakana ndogo zimeota popote injini hii ilipopendwa: Puerto Rico kwenye mashindano ya mwendo mfupi, Nyuzilandi, na Australia, ambako Allan Moffat alitwaa ubingwa wa taifa wa mbio za magari mwaka 1983 akiwa na RX-7.

Mteja halipi kwa ajili ya mapenzi tu. Chumba cha mwako cha rotari ni kirefu na chembamba, na moto wa plagi moja hauwahi kukienea. Kwa hiyo kila rota ina plagi mbili, inayotangulia na inayofuata, na distribyuta moja hubeba platini seti mbili. (Injini za kabla ya 1974 zilikuwa na distribyuta mbili kamili, yaani kazi mara mbili kwa fundi.) Katika RX-7 ya 1979, plagi ya kwanza huwaka kwenye nyuzi 0 na ya pili nyuzi 20 baadaye. Cheche ikiwahi kupita kiasi, mchanganyiko hulipuka badala ya kuungua, na mlipuko huo huvunja sili za ncha za rota. Hapo mwenye gari anafungua injini nzima, kazi ya maelfu ya dola. Distribyuta iliyotengenezwa vizuri ni bima ya bei nafuu, na ndiyo sababu karakana hizi bado zina wateja.

Fedha zenyewe ziko wapi? Haziko kwenye platini, kondensa wala kifuniko, maana hivyo ni vipuri vya bei ndogo. Ziko kwenye saa za fundi, na hasa kwenye bushi za shafti. Bushi ikilika, shafti huyumba, na nafasi ya platini inayotakiwa kuwa milimita 0.45 hubadilika kila mzunguko. Pembe ya kufunga (nyuzi ambazo platini hubaki imefungwa), ambayo kitabu cha kiwanda kinaiweka 58, haitulii tena, na seti mbili zinaacha kukubaliana. Kufunga platini mpya juu ya shafti inayoyumba ni kumuuzia mteja hasara. Fundi makini huitoa pini ya gia, hupima mchezo wa shafti, hukereza bushi mpya, husafisha vizito na springi zake, kisha huvuta hewa kwenye kidude cha vakyumu aone kama ngozi yake ya ndani imepasuka. Nyumba ya distribyuta na gia zikiwa nzima, karibu kila kitu kingine kinatengenezeka. Zikipasuka, hakuna kazi ya kuuza.

Kwa maoni yangu, rasilimali halisi ya biashara hii ni vyuma chakavu vilivyomo stoo. Wenye magari wengi wamekuwa wakiing'oa distribyuta ya platini na kuweka ya kielektroniki ya RX-7 za baadaye, kwa sababu inakaa palepale bila kukata chochote. Mabadiliko hayo yanapunguza wateja wa platini, lakini papo hapo yanaacha nyumba na gia za zamani mikononi mwa watu wasiozihitaji. Karakana inayozinunua leo, au inayodai amana hadi mteja arudishe ya kwake, ndiyo itakayokuwa na bidhaa ya kuwauzia wanaotaka gari lao libaki kama lilivyotoka Hiroshima. Msaada wa kiwanda usitegemewe hapa. Mpango wa Mazda wa kuzalisha upya vipuri vya RX-7, uliotangazwa mwishoni mwa 2020, unahusu kizazi cha pili na cha tatu, na magari hayo hayana distribyuta kabisa.

Sehemu inayozua ugomvi zaidi kati ya karakana na mteja ni ufungaji, kwa kuwa wengi hujifungia wenyewe. Alama ya njano ya puli ilingane na pini ya kifuniko cha mbele, na alama ya gia ilingane na ile ya nyumba kabla distribyuta haijashuka, kwani gia huizungusha shafti kidogo inapoingia. Baadaye, kwa taa ya taimingi, plagi inayotangulia hurekebishwa kwanza kwa kuzungusha nyumba nzima; inayofuata hurekebishwa peke yake, kwa alama nyekundu. Mteja akikosea jino moja, injini hugoma au hufyatua moto, naye husema distribyuta ni mbovu.

Kwa hiyo ingefaa kila distribyuta itoke karakanani na karatasi yenye vipimo vyake: mchezo wa shafti, pembe ya kufunga ya seti zote mbili, na nyuzi ambazo vizito vinasogeza cheche kwa mwendo mbalimbali. Kazi hiyo inahitaji mashine ya kupimia na muda wa ziada, na bei itapanda. Mimi ningeilipa.